UZI: Bibi wanaolea wajukuu: tunawauliza nini, na tunawauliza kupitia mdomo wa nani?

#1 Kalamu ya Mkaa

Habari za jioni wanajamvi. Shikamooni wakubwa.

Nina jambo linalonikosesha usingizi wiki ya tatu sasa. Naomba mawazo ya waliolelewa na bibi, wanaoishi na wajukuu, manesi, maafisa ustawi na yeyote aliyewahi kuzunguka vijijini na dodoso mkononi.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa Tanga. Utafiti wangu unahusu hali ya bibi wanaolea wajukuu pasipo wazazi wa watoto hao kuwepo nyumbani. Nipo Muleba, mkoani Kagera, na sikuja huku kwa kubahatisha. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, enzi hizo watu wakiuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kuanza kutolewa bure mwaka 2004. Pigeni hesabu ya miaka iliyopita hapo katikati. Waliozikwa migombani walikuwa kina baba na kina mama wenye nguvu za kulima, na aliyebaki na watoto ni bibi. Wajukuu wale wa mwanzo leo ni watu wazima. Baadhi yao nao wameenda Mwanza au Dar kutafuta maisha, wakamwachia bibi yule yule watoto wao. Kuna nyumba nimeingia bibi analea kizazi cha tatu.

Sasa kisa chenyewe.

Nilimkuta bibi mmoja jikoni anamenya ndizi. Amekaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa, mguu mmoja kaunyoosha, kisu chake kimeisha kwa kunolewa kimebaki chembamba kama kidole, maganda anayadondoshea kwenye jani la mgomba. Mjukuu wake, kijana wa miaka 11, amepiga magoti anapuliza moto wa kuni mbichi, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Mwenyekiti wa kitongoji alinitambulisha akaaga, ana msiba. Mkalimani wangu siku hiyo alikuwa anaumwa. Bibi Kiswahili anakisikia kidogo tu, nami Kihaya sijui zaidi ya kuitikia salamu. Kijana akasema, "Dada, mimi nitakutafsiria." Nikaona ni msaada, nikaendelea.

Dodoso langu linaanza na yale maswali matano ya Shirika la Afya Duniani: katika wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu kiasi gani, umetulia kiasi gani, umeamka ukiwa umepumzika kiasi gani, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 5, jumla 25, unazidisha kwa 4 unapata alama kati ya 0 na 100. Baada ya hapo ndipo yanakuja maswali yangu ya mzigo wa malezi. Moja linasema: "Je, kumlea mjukuu kunakuchosha?"

Kijana alinyamaza. Akaangalia moto, akasukumia kuni ambayo haikuwa na haja ya kusukumwa, kisha akamgeukia bibi akamwambia. Bibi akatabasamu uso mzima, akaweka kisu chini, akasema neno moja na kulirudia. Kijana akanitafsiria: "Amesema sana, sana."

Nikazungushia namba ya "sana". Moyoni nilishangaa, mtu anakuambia amechoka sana huku ametabasamu hivyo? Lakini dodoso lilikuwa na kurasa tisa na jua lilikuwa linazama.

Nilikuwa narekodi kwa ridhaa ya bibi. Wiki iliyofuata mkalimani alipopona tulikaa kusikiliza. Alipofika pale akasimamisha simu, akanitazama. Yule kijana hakumuuliza bibi kama anachoka. Alimwambia: "Bibi, dada anauliza kama ninakusaidia kazi." Na bibi akajibu: sana, sana.

Simlaumu mtoto hata chembe. Nani angemtazama usoni bibi aliyemlea tangu ana wiki sita, amuulize kama anamchosha? Kosa ni langu mimi niliyemtwika swali hilo. Karatasi ile ingeingia kwenye kompyuta na kutoka kama bibi aliyelemewa, kumbe jibu lake lilikuwa sifa kwa mjukuu wake. Na nina karatasi nyingine tano za siku ile ile, nilizozijaza bila mkalimani.

Tatizo la pili ni "nashukuru Mungu". Umelalaje? Nashukuru Mungu. Chakula kinatosha? Nashukuru Mungu. Mgeni amekuja kwako na kalamu, hujamjua, utaanzaje kummwagia shida zako? Ni adabu tu, hata bibi yangu Tanga angejibu hivyo hivyo. Ila nikiandika majibu hayo kama yalivyo nitakuwa nimeandika adabu, na hali yenyewe nimeiacha jikoni.

Niwaulize nini? Niwaulize vipi? Tiririkeni.

#2 Kibanja Chetu

Dada, mimi ni mtoto wa hukohuko, Kamachumu. Nimelelewa na bibi mzaa mama tangu nina miaka minne. Leo niko Dar mwaka wa kumi na moja. Nimesoma uzi wako ndani ya daladala nikapitilizwa kituo.

Nikwambie kitu kimoja ambacho dodoso lako halitakipata. Sisi bibi na mjukuu ni watani. Bibi wa wenzangu walikuwa wakiwaita "mume wangu", wanawaomba wawanunulie gauni, wanawaambia "huyu mama yako ni mke mwenzangu, ananionea wivu". Bibi yangu naye alikuwa akiniita hivyo hivyo mama alipokuwa hai na tukienda kumsalimia. Mama alipokufa, nikahamia kwake, utani ukaisha. Sikumbuki siku gani ulikoma, ila najua haukurudi. Maana sasa yeye ndiye wa kunifokea nikichelewa, wa kunichapa nikitoroka shule, wa kusimama mbele ya mwalimu. Mtu hawezi kuwa mke wako asubuhi na baba yako jioni.

Nilidhani nimefiwa na mama tu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba siku ile nilipoteza na bibi, nikapewa mama mzee. Na yeye alipoteza mume mdogo wa kumchekesha, akapewa mtoto wa kulea wakati magoti yameshakataa. Muulize bibi: "Bado mnataniana?" Halafu nyamaza umsikilize.

Jambo la pili ni usiku. Nilikuwa na pumu. Bibi alikuwa akilala kwenye mkeka mlangoni mwa chumba changu, na kila saa tisa usiku nilikuwa nikisikia mkono wake kifuani kwangu, anasikiliza kama napumua. Mchana angekuambia nashukuru Mungu, na angekuwa anasema kweli, maana mchana nilikuwa napumua.

#3 Jembe Halimtupi

Mleta mada nakuheshimu, lakini niseme la moyoni. Mama yangu ana wajukuu wanne. Wameshakuja watu na madodoso pale nyumbani mara tatu kwa miaka tofauti. Wanauliza ana kuku wangapi, anakula milo mingapi, ana huzuni kiasi gani. Wanapiga picha. Hajawahi kurudi hata mmoja kumwambia tulichokipata ni hiki. Safari ya mwisho mama aliuliza, "Hawa wanaotaka kujua huzuni yangu, wanaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

#4 Kalamu ya Mkaa

@Jembe Halimtupi, mpe mama shikamoo yangu. Swali lake ni haki yake, na mimi nimepita njia hiyo hiyo: nimechukua kibali, nimepeleka barua kwa katibu tawala, kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti. Ofisi zote hizo zimeniuliza utafiti ni wa nini. Bibi, ambaye jiko ni lake, nimemsomea fomu ya ridhaa akaweka kidole gumba basi. Ninawaachia sabuni mche mmoja na sukari kilo moja kwa kuwapotezea muda, na ninajua hiyo si majibu.

Ninachoweza kuahidi ni kurudi. Nimeshamwomba mwenyekiti anipe siku ya mkutano wa kitongoji nikimaliza, niwasomee nilichokipata kabla hakijaenda chuoni, waseme hapa umekosea, hapa sawa.

@Kibanja Chetu, la utani limenikaa. Sikuwahi kulifikiria, na mimi nimekua na bibi mtani.

#5 Nesi wa Zamu

Waitu, poleni na majukumu. Mimi nipo kituo cha tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mkoa huu huu.

Nina bibi analeta mjukuu wa miaka 9 kila tarehe ya kliniki. Hajui kusoma. Dawa za mtoto zinatakiwa saa ile ile kila siku, nyumbani hakuna saa ya ukutani. Nikamuuliza unajuaje saa? Akaniambia anasubiri taarifa ya habari ya redio ya jirani, ya saa mbili usiku. Ule muziki wa kuanza tu ukilia, kidonge na kikombe cha maji vipo tayari. Betri za redio zikiisha anamtuma mtoto mkubwa dukani aulize saa. Nahesabu vidonge kila akija, havizidi wala havipungui.

Sasa sikilizeni. Bibi huyo amekuja kwangu miaka mitatu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyempima yeye presha. Faili ni la mtoto. Tunampima mtoto uzito, urefu, tunamwandikia mtoto, bibi amekaa kwenye benchi kashika kadi. Siku moja alisimama akayumba, nikamkalisha nikampima: 190 kwa 110. Nilipata uchungu sana. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea atibiwe bure, na kweli kumwona daktari hatoi hela, ila dawa ya presha siku ile dirishani haikuwepo, akaandikiwa akanunue. Alinunua vidonge vya siku tano. Nilimuuliza mbona tano? Akasema hela zilizobaki ni za daftari la mtoto.

Kwa hiyo dada, usiulize "una afya?". Nenda na mashine ya kupimia presha. Mpime, mwambie namba yake, na ikiwa juu mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Huo pia ni utafiti, na kuna kitu anabaki nacho mkononi.

La pili, uwe mwangalifu na watoto wanaomeza dawa. Wengi hawajaambiwa. Nyumba nyingi mtoto anaambiwa ni dawa za kifua. Bibi anaogopa: nikimwambia ataniuliza mama yangu alipata wapi. Hofu hiyo ni sehemu ya ustawi wake, lakini ukiiuliza mtoto akiwa mlangoni umeharibu nyumba ya watu.

#6 Mwana wa Siaya

Hamjambo ndugu zetu. Kwanza kabisa, sisi huku Kenya tunasema nyanya, maana bibi kwetu ni mke! Kwa Kijaluo tunamwita dani.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo mleta mada ameligusa kisha akalipita. Usihesabu mayatima pekee. Kwetu Siaya miaka ya tisini tulizika kama nyinyi mlivyozika. Lakini ukiingia nyumba za sasa, wazazi wengi wa hao watoto wako hai. Msichana alipata mimba akiwa shuleni, akajifungua, akarudi darasani, mtoto akabaki kwa dani. Kijana aliachana na mkewe, kila mmoja akaenda na njia yake. Mwingine yuko Nairobi anaosha nguo za watu, hawezi kulea mtoto kwenye chumba kimoja akiwa kazini toka alfajiri. Wanaahidi kutuma pesa. Zinakuja mwezi mmoja, miezi mitatu kimya.

Na hapa ndipo uchungu wa dani ulipo. Aliyefiwa, kijiji kizima kinajua, kanisa linaleta unga. Ambaye mwanawe yuko hai na hatumi kitu, atamwambia nani? Akisema hana chakula amemuaibisha mwanawe. Kwa hiyo atasema chakula kipo. Mamangu alifunika sufuria tupu kwa kifuniko mgeni alipoingia, ili asiambiwe dada yangu ametupa watoto. Nililiona hilo na macho yangu.

Kuhusu pesa: huku tuna Inua Jamii, tangu 2018 kila mtu wa miaka 70 na zaidi anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi. Hucheleweshwa sana. Lakini siku inapoingia, dani hutembea tofauti. Anaenda dukani kulipa deni mwenyewe, kwa miguu yake. Halafu kumbuka wengi wanaolea wajukuu hawajafika 70. Mtu wa 58 ana wajukuu watano, hayumo.

#7 Pwani ya Makunduchi

Assalaam aleikum. Kwetu Zanzibar pensheni jamii ilianza mwezi wa nne mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima wa mwani. Siku hizi imepandishwa, 50,000. Bibi yangu mzaa baba anapokea. Mimi nimeona kitu ambacho si chakula: tangu apate chake, wanamuuliza ushauri. Zamani mambo ya nyumba yaliamuliwa yeye yupo chumbani. Leo mjukuu akitaka kwenda safari ya skuli, mtu wa kwanza kuendewa ni bibi.

Lakini nina ombi, dada. Mbona mmoja tu? Babu hamumtaji. Babu yangu mzaa mama alibaki na wajukuu watatu mke alipofariki. Alijifunza kusuka nywele za binti kwa kuangalia jirani. Anawafulia, anawapeleka chuo cha Kurani. Watu walimsifu msikitini, ila hakuna hata mmoja aliyempelekea sahani ya chakula. Bibi akilea watu huona ni wajibu wake, na babu akilea huona ni kituko, na wote wawili hawasaidiwi.

#8 Kalamu ya Mkaa

Wa aleikum salaam. Kwa upande wa babu umenikamata, na kichwa cha utafiti wangu kimeshapitishwa. Lakini nimekutana nao wawili na nimewaandika pembeni, nitawatengea nafasi yao.

Kuhusu pesa niwape mawili ninayoyajua vizuri. La kwanza ni la Afrika Kusini. Esther Duflo, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi ya 2019, alichambua takwimu za mwaka 1993, wakati pensheni ya wazee kule ilikuwa imetanuliwa ikawafikia wazee weusi. Pensheni iliyoingia mkononi mwa bibi ilionekana kwenye miili ya wajukuu wa kike, uzito na urefu vikawa vizuri zaidi. Iliyoingia mkononi mwa babu haikuonyesha mabadiliko kama hayo. (Babu wa Makunduchi aliyesuka nywele anisamehe, takwimu hazimjui.)

La pili liko hapa hapa Muleba. Nshamba kuna shirika linaitwa Kwa Wazee, lilianza mwaka 2003, likawa linawapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini iliyochapishwa 2008 ilifuatilia pesa inakwenda wapi, na ilikwenda kwenye chumvi, sabuni, viatu vya shule. Ada za shule zilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare na madaftari havijafutwa, na mtoto asiye na sabuni ya kufulia shati huona haya kuingia darasani. Bibi wangu mmoja alinionyesha kipande cha sabuni kilichobaki ukubwa wa kokwa ya embe. Ana vipande vyake, anavigawa kwa siku za wiki.

#9 Ustawi wa Kata

Nachangia kama mtu wa ustawi wa jamii, na natoa mambo ya kazini bila kutaja ofisi.

Kwanza umri. Wengi hawana cheti. Ukimuuliza mwaka wa kuzaliwa atakupa wowote ulioandikwa kwenye kadi. Muulize: Idi Amin wa Uganda alipovunja daraja la Kyaka ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na watoto wangapi? Hiyo ni mwishoni mwa 1978. Operesheni vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilikukuta wapi? Meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996, mama wa mjukuu huyu alikuwa amezaliwa? Kwa matukio kama hayo utapata umri wa kuaminika, na utakuwa umemfungua mdomo bila kumshitua.

Pili, vidole. Hili halimo kwenye madodoso na linawaliza. Bibi aliyeshika jembe miaka hamsini alama za vidole zimefutika. Nimemsindikiza mmoja kusajili laini, maana malipo ya kaya maskini yanapitia simu. Mashine ilikataa kidole cha kwanza, cha pili, vyote kumi. Wakampaka mafuta, ikakataa. Wakamwosha kwa limau, ikakataa. Mwishowe laini ikasajiliwa kwa jina la kijana wa jirani, na kuanzia siku hiyo kila malipo yakiingia bibi anasimama uani kwa jirani akisubiri apewe hela yake, akishukuru. Kijana ni mwaminifu, nakiri. Lakini mwangalie uso wake akiwa pale uani.

Tatu, na hili ndilo nimelifuata. Nimekaa na mabibi wengi. Ukiwauliza njaa, wanavumilia. Ukiwauliza magonjwa, wanavumilia. Uliza hili: "Ukiondoka leo, watoto hawa watabaki na nani?" Hapo ndipo nimeona machozi, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. Kuna mmoja alikuwa na jibu tayari, amelipanga kama mtu anayepanga mahari: huyu mkubwa aende kwa shangazi yake Biharamulo, wa katikati padre ameahidi, huyu mdogo... akanyamaza. Mdogo alikuwa mlemavu. Hana pa kumpeleka. Aliniambia anamwomba Mungu amchukue mtoto kwanza, hata kwa siku moja tu, halafu yeye afuate.

Nilitoka pale nikakaa kwenye pikipiki bila kuiwasha.

Ukiuliza swali hilo, dada, usiulize uondoke. Uwe na namba ya afisa ustawi wa kata mfukoni, na shauri la shamba pia, maana kibanja, yaani shamba la migomba la familia, kikigombaniwa na ndugu wa mume, mabibi wajane na wajukuu wa binti ndio wa kwanza kutolewa.

#10 Kalamu ya Mkaa

Nimekaa na daftari tangu asubuhi. Niwaonyeshe nilipofikia, mnikosoe.

Mtoto hatatafsiri tena, hata nikose mahojiano ya siku nzima. Nimepata mama wa makamo wa kata ya jirani, hahusiani na ukoo wowote kwenye orodha yangu. Zile karatasi sita za siku ile nimeziondoa, nitarudi nyumba zote sita.

Yale maswali matano ya Shirika la Afya Duniani nayaacha kama yalivyo, maana nikiyabadilisha sitaweza kulinganisha na wengine. Ila sianzi nayo tena. Naanza na ndizi, mvua, mnyauko migombani, matukio ya umri, na nakaa chini alipokaa. Kiti cha wageni nakataa kwa heshima.

"Je, kumlea mjukuu kunakuchosha?" nimelifuta. Badala yake: "Jana, kuanzia ulipoamka hadi ulipolala, ulifanya nini?" Anasimulia, mimi naandika. Saa kumi na moja alfajiri anachota maji, yenyewe inasema. Kisha: "Usiku unaamka? Unaamshwa na nini?" Kisha: "Jana chungu kilipopakuliwa, aliyepakuliwa wa mwisho ni nani?" Hili naamini hata adabu ya mgeni haiwezi kulifunika, maana halimuulizi kama kuna njaa.

La utani nimeliandika neno kwa neno kama @Kibanja Chetu alivyosema. La "watabaki na nani" nimeliweka karibu na mwisho, mtoto akiwa shuleni, na namba ya afisa ustawi ninayo. Mashine ya presha nimeazima.

Moja limenishinda. Nataka kuuliza furaha pia. Nimewaona wakifurahi, sitaki kuandika kitabu cha vilio. Yule bibi wa "sana, sana" alifurahi kweli kweli kuulizwa kama mjukuu anamsaidia. Pengine mtoto alinitungia swali bora kuliko langu. Naliweka? Naona kama namwibia.

#11 Nesi wa Zamu

Liweke. Na ukirudi pale nyumbani mwambie umeliweka.

#12 Mwana wa Siaya

Liweke dada. Ila kwa mtoto pia kuwe na la kwake, umuulize kando yeye mwenyewe anachoka nini. Anayepuliza kuni mbichi kila jioni akiwa na miaka 11 naye ana hali yake.

#13 Kibanja Chetu

Nimempigia bibi leo jioni. Simu yake anashikiwa na mtoto wa baba mdogo, akamwekea sikioni. Tumesalimiana, ameuliza kama nimekula, nimemwambia nimekula. Nikamuuliza lile swali lako la usiku. Bibi, usiku unaamka?

Akasema naamka. Saa ngapi? Saa tisa. Unaamshwa na nini bibi, miguu? Akasema, "Naamka kusikiliza. Nikishakaa kitandani ndiyo nakumbuka wewe uko Dar."

Pumu yangu iliisha nikiwa darasa la sita.

Sikujua niseme nini. Nikamwambia, mke wangu, nakuja Desemba, nikuletee gauni gani? Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu nikamsikia anacheka, akamwambia yule mtoto kwa Kihaya, sikia huyu.

Anataka la kijani.

#14 Kalamu ya Mkaa

Nimelisoma mara tatu. Naomba ruhusa yako na ya bibi nilitumie bila jina.

Kesho tunatoka na mkalimani saa moja asubuhi, nyumba ya kwanza ni ile ya bibi na kijana wa kuni. Nitawaletea mrejesho hapa hapa.